Gitaa la Nyuzi Kumi na Mbili na Mgongo wa Mwalimu

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Randa anashika kibano cha mwisho na kukilegeza robo mzunguko. Anasimama. Anasikiliza. Analegeza robo nyingine.

Mbele yake, juu ya kitanda kisicho na godoro, limelala gitaa la nyuzi kumi na mbili. Nyuzi zenyewe hazijafungwa bado. Ziko kwenye bakuli pembeni, kila moja imeviringishwa na kubandikwa karatasi ya namba yake.

Kibano kinatoka. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, aliyekwisha kutengeneza vitanda zaidi ya mia nne, anachukua kipande cha karatasi nyembamba ya risiti na kujaribu kukipenyeza chini ya daraja, yaani kile kibao kilichogundishwa kwenye uso wa gitaa ili kushika nyuzi.

Karatasi haiingii.

"Hapo bado," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua macho. "Sasa hivi halijabeba kitu. Hata mlango uliooza ukiuegemeza ukutani unasimama. Ngoja tukaze nyuzi, ndipo tutajuana."

Anaugeukia ukuta wa mbao unaotenganisha karakana yake na chumba cha jirani. Anagonga mara mbili na kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu, "Shikamoo, Mwalimu."

Upande wa pili kinasikika kikohozi. Kisha kiti kinasogezwa. Marahaba haiji.

Leo ni siku ya thelathini na sita haiji.

Mzee wa upande wa pili mtaa mzima unamwita Solo, kwa kuwa ndilo gitaa alilopiga kwenye bendi kwa miaka thelathini. Sasa ana miaka sabini na moja. Saa nane mchana wa leo anatakiwa studio ya redio kurekodi, na amepewa saa moja tu. Kanda zote zilizokuwa na sauti ya gitaa lake la nyuzi kumi na mbili zilifutwa zamani, vikarekodiwa vitu vingine juu yake. Mkono wake wa kushoto umeanza kutetemeka, na daktari amemwambia asiuwekee matumaini ya mwaka mwingine.

Kwa hiyo ni leo. Na gitaa ni hilo moja, na aliyelivunja ni Mama Randa.

Yeye si fundi wa magitaa. Atakwambia hilo kabla hujamuuliza. Ni seremala wa vitanda na milango, na jina la Randa alipewa na wateja waliochoka kungoja, maana hakabidhi kitu mpaka akipige randa kila upande, hata chini ya chaga.

"Waliniuliza, nani ataona huko chini? Nikawaambia panya nao ni wageni," anasema.

Mwezi mzuri huuza vitanda vitatu. Cha kwanza kinalipa pango la karakana, cha pili kinalisha watu wanne nyumbani, cha tatu ndicho chake mwenyewe. Mwezi mbaya huuza kimoja, na hapo yeye hana chake.

Hicho kinachotumika kama meza ya gitaa kiliagizwa miaka miwili iliyopita na bwana harusi mmoja aliyelipa nusu kisha akasema sherehe imesogezwa mbele. "Nadhani bado anaisogeza," anasema Mama Randa. Hacheki. Leo hakuna anayecheka humu ndani.

Miaka mitatu iliyopita alikuwa hajawahi kushika gitaa. Alichojua ni kwamba kila siku saa kumi jioni ukuta ule wa mbao ulianza kuimba, na yeye, bila kupanga, akawa anaweka randa chini. Siku moja kitanda cha mtu kikachelewa kwa ajili hiyo. Akaona aibu, akaenda kugonga mlango.

Solo hakumuuliza jina. Alimwambia alete mikono.

"Akavigeuza viganja vyangu kama mtu anayenunua samaki. Akaniuliza, hivi ni vidole au ni kwato?"

Kwa wiki mbili hakumpa gitaa. Alimwagiza aloweke mkono wa kushoto kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi, aupake mafuta, na msasa aushike kwa mkono wa kulia peke yake. Ngozi ya vidole vya seremala ilikuwa nene mno.

"Wanafunzi wengine hulia kwa sababu vidole vinauma," anasema. "Mimi nililia kwa sababu sikuhisi uzi uko wapi."

Alijifunza kwa gitaa la kawaida la nyuzi sita. Kwanza gumba litembee kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikidonoa nyembamba, kila kimoja na njia yake. Kisha kuegemeza kiganja cha kulia juu ya nyuzi ili sauti ikatike bila kufa, jambo alilolipata siku moja tu, kwa kuwa mkono wake ulishajua jinsi ya kuilalia randa bila kuikandamiza. Kilichomtoa jasho ni kulaza shahada juu ya nyuzi zote sita pasipo hata mmoja kukoroma. Hilo lilikula miezi mitano, na mumewe alihamishia redio chumbani.

Halafu yakaja yale magitaa ya ajabu.

Ukutani kwake kuna ubao mwembamba wenye michoro ya penseli, kila gitaa kwa ukubwa wake halisi na vipimo pembeni. Lipo lenye shingo mbili, walilolikuta kwenye stoo ya kanisa likiwa limefunikwa na mapazia. Lipo la bati, lenye sahani ya chuma tumboni, linalovuma kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka. Lipo besi lisilo na vyuma shingoni, ambalo kidole kikikosea kwa upana wa unywele, sauti nayo imekosea.

"Mwalimu akisikia mahali fulani kuna gitaa lisilo la kawaida, anavaa kofia, ananigongea ukuta," anasema. "Tulitembea kwa miguu saa mbili kwenda kuona la nyuzi saba. Tulipofika, mwenyewe kalifanya kabati la viatu."

Lakini lilikuwepo somo moja ambalo Solo hakulitoa. Kila alipotaka kulitega sauti lile la nyuzi kumi na mbili, ambalo nyuzi zake zimekaa pachapacha, alikigeuza kiti na kuuelekea ukuta. Alikaza nyuzi akiwa amewapa watu mgongo. Enzi zake, wapiga solo waliishi hivyo. Mpangilio wa nyuzi ulikuwa siri ya mtu, mwenzako akiuona leo, kesho amekalia kiti chako.

Hata mkewe hajui. "Nimeishi naye miaka arobaini na tatu," anasema bibi huyo, ambaye amekuja na chupa ya chai na kukuta hakuna anayeitaka. "Mgongo wake naujua kuliko uso."

Wiki tano na siku chache zilizopita, ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ulilegea. Kuubana ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye zana, na Solo alimwamini mwanafunzi wake kiasi cha kumwachia gitaa kwa siku mbili. Alimwamini, lakini si sana. Kabla ya kumkabidhi, alizivuruga nyuzi zote kumi na mbili, nyingine akazilegeza kabisa, ili asije akabaini siri.

Mama Randa akaubana ufunguo. Kisha akafanya ambalo seremala asiyekabidhi kitu nusunusu angelifanya. Aliona aibu kurudisha gitaa likiwa halina sauti. Akafungua kwenye simu ile programu ya kupima nyuzi, ambayo uzi ukifika mahali pake panapojulikana na dunia nzima, kioo kinawaka kijani, na usipofika kinawaka nyekundu.

"Nikakaza mmoja mmoja," anasema. "Nyuzi kumi na mbili, kijani kumi na mbili. Nikafunga karakana, nikalala usingizi wa mtu mwema."

Asichokijua ni kwamba gitaa lile lilikuwa halijawahi kufika huko kwa miaka thelathini. Solo alilitega chini sana kuliko wanavyolitega wengine, na uso mwembamba wa gitaa ulishazoea mzigo huo mdogo. Asubuhi Mama Randa alilikuta daraja limeng'oka na kubeba kipande cha uso wa gitaa upana wa kiganja. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia nje.

Alilipeleka mwenyewe, mikononi, bila kulifunika.

"Angenitukana ningeshukuru," anasema. Sauti yake inapungua. "Alilitazama. Akanitazama. Akasema, 'Fundi.' Neno hilo tu. Miaka mitatu alikuwa ananiita binti. Akafunga mlango."

Kuanzia siku hiyo, maneno baina ya nyumba hizi mbili yamepita kwa mke wa Solo. Mama Randa aliomba alitengeneze yeye, mzee akakataa. Akaomba tena. Mzee akauliza kupitia mkewe kama kuna fundi mwingine yeyote mwenye subira ya kupiga randa chini ya chaga. Hakukuwa na mwingine.

"Mimi nimekuwa posta," anasema bibi. "Barua kila siku, stempu hakuna."

Nyuzi kumi na mbili huvuta kwa nguvu inayoweza kuzidi kilo mia. Kwa hiyo Mama Randa hakuligusa gitaa kwanza. Alichukua vipande vitatu vya mbao nyembamba kuukuu vyenye mabaki ya gundi, akagundisha kwenye kila kimoja daraja la mfano, akaning'iniza mifuko miwili ya saruji. Kipande cha kwanza kilichanika siku ya pili. Cha pili siku ya nne. Cha tatu, alichokuwa amekikwangua gundi ya zamani kwa patasi mpaka mbao ikawa safi kabisa, kilishikilia siku kumi na moja, mpaka alipoishusha mifuko mwenyewe.

Ndipo akaligusa gitaa. Wiki ile hakugusa kitanda hata kimoja.

"Likishindwa leo, litang'oka na mbao yote iliyobaki," anasema. "Hapatakuwa na pa kugundisha tena. Sina neno la kumwambia yule mzee kama hilo litatokea, nisikudanganye."

Saa tano kamili, nyuzi zikiwa zimefungwa lakini bado legelege, mlango unafunguliwa. Solo anaingia. Amevaa suti ya kijivu, kofia mkononi, viatu vinang'aa. Nywele amezitia rangi, na ukingo wa sikio nao umepata kidogo. Hamsalimu mtu.

Analichukua gitaa, anavuta stuli, anageukia ukuta.

Mama Randa anamsogelea. "Mwalimu, nahitaji kuliona daraja wakati unakaza."

"Kukaza ni kazi yangu," anajibu Solo, akiuambia ukuta. "Daraja ni kazi yako. Umeshaimaliza."

"Sijamaliza. Likianza kuinuka nitaliona kabla halijang'oka, nilegeze. Lakini siwezi kuliona likiwa upande wa pili wa koti lako."

Mzee anapeleka mkono wa kushoto kwenye ufunguo wa kwanza. Mkono unatetemeka. Ufunguo unazunguka kuliko alivyokusudia, uzi unalia juu ghafla, na wote watatu tuliosimama nyuma yake tunajikunja.

"Acha, Mwalimu," anasema Mama Randa. "Acha hapo."

Anaacha. Saa ya ukutani inasema tano na dakika kumi na mbili. Kutoka hapa hadi studio ni mwendo wa saa nzima, na gitaa lililogundishwa halikazwi kwa pupa.

"Nipeni nafasi," anasema Solo. "Tokeni nje."

"Nikitoka nani ataliangalia?"

"Litajiangalia."

Mkewe anaiweka chini ile chupa ya chai. "Umezaa watoto sita, baba," anasema taratibu. "Hilo gitaa lako halijazaa hata mmoja. Mficha uchi hazai."

Mgongo wa suti ya kijivu hausogei. Mama Randa anafuta mikono kwenye aproni, mara moja, mara mbili. Anapozungumza, sauti yake imekauka, na ni wazi kwamba ana hasira, na kwamba hasira hiyo ameitunza kwa muda.

"Mwalimu, nilikosea. Sikupaswa kukaza bila kukuuliza. Nimekuomba radhi siku thelathini na sita, na siku zote hizo nimekuamkia kupitia mbao. Lakini ulinipa gitaa umezivuruga nyuzi ili nisijue." Anaiachia aproni. "Basi sikujua."

Nje mtu anapita na mkokoteni wenye gurudumu bovu, sauti inakuja, inapita, inakwisha.

Kisha stuli inakwaruza sakafu. Solo anageuka. Macho yake ni mekundu, na hajaribu kuyaficha.

"Mkono wangu haufai tena kwa funguo," anasema. "Kaza wewe. Mimi nitakuimbia mahali pa kusimama."

Kwa hiyo wanafanya hivyo. Mzee amelipakata gitaa, anaguna sauti ya uzi wa kwanza, nzito, chini kuliko Mama Randa alivyotegemea. Anamtazama mwalimu kuhakikisha. Mwalimu anaguna tena. Mwanafunzi anakaza, robo kwa robo, mpaka uzi na koo vinakutana. Mke wa Solo anamulika kwa simu. Baada ya kila uzi, karatasi ya risiti inapita nyuma ya daraja. Haiingii. Uzi wa pili. Haiingii. Wa tatu.

Kwenye uzi wa tisa kinasikika kitu. Tak.

Kila mtu anaganda. Mama Randa ametoa mkono kwenye ufunguo kana kwamba umemuunguza. Anapiga magoti, anaipenyeza karatasi kushoto, kulia, katikati. Vidole vyake, vile vilivyokuwa kwato, vinapapasa mbao kutafuta uvimbe.

"Si hapa," anasema hatimaye. Anatazama juu, mwanzo wa shingo, kwenye kijibao chenye mifereji ambamo nyuzi hupita. "Ni huku. Uzi ulikwama kwenye mfereji, ukaachia." Anavuta penseli ya useremala nyuma ya sikio, anausugua mfereji kwa ncha yake mpaka unakuwa mweusi na kuteleza, anaurudisha uzi. Anakaza. Kimya. Karatasi haiingii.

Anakaa chini sakafuni, juu ya maranda, mikono imelegea magotini.

"Marahaba," anasema Solo.

Inachukua muda kuelewa anajibu nini. Mama Randa anaitikia kwa kichwa tu, kisha anajifuta uso kwa aproni, na maranda yanabaki shavuni.

Zimebaki tatu. Zinakwenda salama. Uzi wa mwisho ukiwa umekazwa, mzee anazipitisha zote kwa gumba, na mwanafunzi anakunja uso.

"Huu mmoja bado uko chini ya pacha wake. Kidogo sana. Nimalizie?"

"Usiuguse."

"Lakini wanagombana, Mwalimu."

"Ndiyo. Waache wagombane."

Anapiga. Na pale nyuzi hizo mbili zinapogongana, sauti inatetemeka na kulia, ile sauti iliyomfanya seremala aweke randa chini miaka mitatu iliyopita. Mama Randa anasema aliisikia kila jioni akidhani ni mbao za ukuta.

"Hiyo ndiyo siri yote," anasema Solo. "Tega chini, uache mmoja umelegea."

Mkewe anamgeukia. "Miaka arobaini na tatu nimetazama mgongo," anasema, "kwa ajili ya uzi mmoja uliolegea?"

"Na hela ya kula ulikuwa unapata," anajibu mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wanacheka.

Studio ilimpokea saa nane na dakika tano. Mama Randa hakuruhusiwa kuingia chumba cha kurekodia. Alikaa kwenye benchi la koridoni, karatasi ya risiti mkononi, akisikiliza mlangoni kama kuna kitu kitakachosema tak. Vilirekodiwa vipande vitatu. Cha pili kilirudiwa mara nne kwa sababu mkono uligoma katikati. Daraja lilishikilia.

Saa kumi na mbili jioni, wakati mwandishi wa makala haya anakunja daftari, Solo anasimama tena mlangoni pa karakana, safari hii bila kofia. Amelibeba gitaa.

"Lilale kwako, binti," anasema. "Uliangalie mpaka kesho." Analilaza juu ya kitanda cha bwana harusi na kwenda zake polepole, mkono wa kushoto ameuficha mfukoni.

Mama Randa anakigonga kichwa cha kitanda hicho kwa kifundo cha kidole. Mbao imekauka kwa miaka miwili, inaitika vizuri. Mpango wake ni kuichana na kutengeneza gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, kwa Jumapili za mwaka mzima, kwa vipimo alivyovichora ukutani. Kabla ya kulifunga, ataandika ndani yake kwa penseli mpangilio wa nyuzi, zote kumi na mbili, na ule mmoja wa kuacha umelegea. Atakayelifungua siku moja kulitengeneza, asome.

Anataka pia kufundisha, watu wanne au watano kuanzia, karakana ikishafagiliwa. Somo la kwanza litakuwa kutega nyuzi, na viti vyote vitatazamana.

Lakini kwanza anataka kuhakikisha jambo. Anainama juu ya gitaa la mwalimu wake na kuudonoa uzi wa kwanza. Ni uleule wa mchana. Wa pili, uleule. Mzee hakuzivuruga.

Anachukua simu, anafungua ile programu yake ya kupima, anapitisha uzi mmoja mmoja mpaka mwisho, taratibu, akiangalia kioo.

"Nyuzi kumi na mbili," anasema, "nyekundu kumi na mbili." Na anaizima.